Siku moja maishani mwangu: mshika kibendera

Saa 12 asubuhi. Siku ya mechi sikimbii mbio ndefu. Dakika 20 zinatosha: hatua za kando mita 10 kulia, 10 kushoto, geuka, chomoka. Hatua za kando huacha kifua kikielekea uwanjani. Ukikimbia kawaida, shingo huchelewa kugeuka.

Saa 7 mchana. Chakula kidogo. Baada ya hapo ni maji tu.

Saa 8:30. Kiwanjani. Ligi ya mkoa, hakuna VAR, yaani video ya kumsaidia refa. Naanza na goli: mstari wake uwe na upana sawa na nguzo, usizidi sentimita 12. Chokaa ikiwa haba huchorwa mwembamba, na hapo ugomvi umeshapandwa. Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi, kwa hiyo unaweza kugusa chini nje ya mstari huku ubavu wake ungali juu ya mstari. Hilo si goli, hata jukwaa zima likishangilia. Nyavu nazo huvutwa kwa mkono, maana tundu la pembeni hugeuza shuti la nje kuwa goli la kubishaniwa.

Saa 9:15. Kikao na refa. Kwenye penati nasimama pale mstari wa boksi unapokutana na mstari wa goli. Namwangalia kipa asitoke mapema, na mpira kama umevuka. Wanaowahi kuingia boksi ni wa refa.

Saa 10 jioni. Filimbi. Kazi kubwa ni kukaa sambamba na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda goli, kipa akihesabiwa, au na mpira ukiwa umempita. Kuotea ni mshambuliaji kuwatangulia huyo na mpira kuelekea goli wakati pasi inapigwa. Aliyelingana na mchezaji huyo hajaotea, na mikono haihesabiwi.

Makosa mengi ya kuotea huanzia miguuni. Tuseme umechelewa mita 1 tu, umebaki upande wa katikati ya uwanja. Beki yuko mita 10 kutoka kwako, straika mita 30. Mstari wa macho yako ukipita kwa beki, ukifika kwa straika umeshasogea mita 2 kuelekea goli. Aliyezidi mita moja na nusu utamwona yuko salama. Sasa wabadilishane: straika mita 10, beki 30. Straika aliyelingana na beki utamwona amezidi sentimita 60 na ushei, na kibendera kitapanda bure.

Saa 11. Kipindi cha pili, miguu mizito. Straika anachomoka kwa mita 7 kwa sekunde, mabeki wanapanda kinyume chake kwa mita 3: katika sehemu moja ya kumi ya sekunde pengo limebadilika mita nzima. Macho hayawezi kuwa kwa mpigaji na kwa beki kwa pamoja, hivyo macho hubaki kwa beki na sikio husubiri mlio wa pasi. Kelele zikizidi, mlio haupo. Unabaki na kivuli cha mguu pembeni mwa jicho.

Kibendera hakipandi hapo hapo. Nasubiri nione nani anaufuata mpira, maana winga ambaye hajaotea anaweza kuuchukua kihalali. Kusubiri huko ndiko kunakoleta matusi. Mpira wa kurusha, kona na goli kiki hazina kuotea, ingawa mashabiki walio mgongoni kwangu hawajawahi kukubali.

Saa 12 jioni. Chumbani tunalinganisha vijitabu: namba za jezi, dakika, kadi, mabadiliko. Vikitofautiana, refa hatii sahihi ripoti mpaka tukubaliane.