Kwa miguu au kwa gari? Kipolandi kinataka kujua

Wiki hii yote niko na hadithi ya rafiki yangu wa Nairobi, kaiandika kwa Kiingereza, kurasa chache tu, na mimi ndo naipeleka kwa Kipolandi. Nilijua vyakula ndo vitanitoa jasho, mukimo na githeri uvielezeeje kwa mtu wa Warsaw, kumbe wapi. Kinachonilia muda ni "go". Kineno cha herufi mbili!

Mfano, dada mtu kwenye hadithi "went to the hospital". Kwa Kiswahili ningeandika alienda hospitali, basi, tunasonga mbele. Kipolandi hakikuachii upite hivihivi, ni kama shangazi mmbea kakukuta stendi: umeenda kwa miguu au kwa gari, na ni leo tu au ndo zako kila siku? Katembea mara moja, ni "poszła". Kapanda gari, "pojechała". Kama alikuwa na kliniki ya kila wiki na anatembea, "chodziła", na kama hizo za kila wiki alikuwa anapanda basi, "jeździła". Na bado hujagusa ndege na meli, nazo zina vitenzi vyake. Sasa mwandishi mwenyewe hajasema, hakuwa na sababu ya kusema, Kiingereza hakijamuuliza. Ikabidi nianze kuisoma hadithi kipelelezi, nikakuta aya mbili mbele huko dada anafuta tope kwenye viatu mlangoni pa wodi, haya, katembea huyo, "poszła".

Na usidhani ukishajua usafiri umemaliza. Mimi Kipolandi nimekisomea Łódź, kwenye ile studiamu, yaani shule ya kufundisha wageni Kipolandi, iliyoanza 1952, Waafrika wengi tu wamepitia pale, na kitu kilichokuwa kinatuchanganya darasani ni kwamba mtu "idzie" sinema, yaani kwa miguu, hata kama unamuona kabisa yuko kwenye tramu. Mtoto "chodzi" shule hata kama anapelekwa na basi kila asubuhi. Hapo habari sio miguu tena, ni kuhudhuria. Saa ya ukutani nayo "chodzi", na mvulana akiwa na msichana wake, wana"chodzą". Ila maziwa yaliyo "gone bad" hayaendi popote, yameharibika tu, na afadhali maana angalau moja halikunisumbua.

Nilichokuwa nakiogopa ni ukurasa wa mwisho, kuhusu mjomba. Pale imeandikwa tu kwamba he is gone, na rafiki yangu kaiacha hivyo makusudi, hujui kaikimbia familia au kafariki, na hadithi nzima imesimamia hapo. Nikasema hii lugha inayotaka kujua kila kitu lazima inilazimishe nichague, nimuue au nimfukuze. Lakini Kipolandi kina "odszedł", kaondoka, na Wapolandi wanalitumia kwa aliyemwacha mke wake na kwa marehemu pia, vilevile kama sisi tunavyosema fulani katutoka. Nililiandika nikainuka kabisa kwenye kiti.

Kilichobaki ni msimulizi. Anasema "I went", "I saw", mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mahali panaposema ni mwanamke au mwanaume. Kwa Kiswahili "nilienda" ni ya wote. Kipolandi wakati uliopita lazima uchague, "poszedłem" ya kiume, "poszłam" ya kike. Wakati uliopo hauna hiyo shida, "idę" ni ya yeyote, nikawaza hata kuihamishia hadithi nzima huko, ila ni hadithi ya kumbukumbu, ukiitoa kwenye zamani inakuwa kama mtu anatangaza mpira. Nikamuuliza rafiki yangu, akanitumia voisi anacheka, eti kwani wewe ulivyokuwa unasoma ulimwona nani?

Nilimwona mwanamke, tena toka sentensi ya kwanza, na hata sijui nilimtolea wapi. Kwa hiyo ni "poszłam", na kesho nakaa kukagua kitenzi kimoja kimoja, maana kimoja tu kikibaki na mkia wa kiume, msomaji kule atadhani hadithi ina wasimulizi wawili.