Aveline na sura zake tatu

Jamani huyu dada Aveline wa Assassin's Creed III: Liberation, gemu ya 2012, ananigusa sana, baba Mfaransa tajiri wa New Orleans, mama yake Jeanne Mwafrika aliyekuwa mtumwa, halafu mama akapotea Aveline bado mdogo. Alipokua akawa na sura tatu. Akivaa gauni na mwavuli (ndani yake kuna mishale ya sumu!) wanaume wanamwinamia, ila hawezi kupanda ukuta. Akivaa nguo za mtumwa anabeba kreti lake anapita mbele ya walinzi, hakuna hata anayemtazama usoni, hapo ndo roho inaniuma. Sura ya tatu ndo muuaji wa siri. Na kumbe adui ambaye Aveline anamsaka miaka yote ni Madeleine, mama wa kambo aliyemlea! Nilizima gemu nikakaa kimya.