Ijumaa ya Hukumu Uppermill

Mahakama iliyomvua ubunge Phil Woolas haikukaa katika jengo la mahakama. Ilikaa Saddleworth Civic Hall, ukumbi wa wanakijiji wa Uppermill, kaskazini mwa Uingereza, kwa kuwa sheria ya Uingereza inataka kesi ya kupinga uchaguzi wa mbunge isikilizwe ndani ya jimbo lenyewe, mbele ya macho ya wapiga kura wake. Ndiyo maana mimi, mzaliwa wa Mombasa niliyekuwa nikiishi mtaa wa Glodwick katika jimbo hilohilo la Oldham East and Saddleworth, niliweza kupanda basi asubuhi ya tarehe 5 Novemba 2010 nikaenda kuisikia hukumu kwa masikio yangu. Nilifuatana na jirani yangu, mzee wa Kizanzibari aliyeacha ubaharia na kuingia viwandani Oldham enzi za pamba, ambaye njia nzima alikuwa na hofu moja tu, kwamba tungechelewa kurudi na kuikosa sala ya Ijumaa.

Sote wawili tulikuwa wapiga kura. Mzee alikuwa raia wa Uingereza tangu zamani. Mimi nilikuwa bado na pasipoti ya Kenya, lakini sheria ya huko inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi nchini kihalali kupiga kura hata ya Bunge, jambo ambalo ndugu zangu wa Mombasa walilikataa katakata nilipowasimulia kwa simu. Katika uchaguzi wa tarehe 6 Mei mwaka huo, Woolas wa chama cha Labour, aliyekuwa waziri wa uhamiaji hadi serikali ya Gordon Brown ilipoondoka madarakani, alitangazwa mshindi kwa kura 14,186. Mpinzani wake, Elwyn Watkins wa Liberal Democrats, alipata 14,083. Tofauti ilikuwa kura 103, na hata hizo zilithibitishwa baada ya hesabu kurudiwa.

Vipeperushi vilikuwa vimeanza kuingia majumbani wiki za mwisho za kampeni. Vingine vilichapwa kwa sura ya gazeti, na msomaji asiye makini angedhani ameletewa habari, wala si kampeni. Ndani yake mlikuwa na picha za waandamanaji wenye hasira, na maelezo kwamba Watkins alikuwa akizitafuta kura za Waislamu wenye msimamo mkali waliotaka Woolas adhuriwe, na kwamba alikataa kuwakemea. Tuliambiwa pia kwamba Watkins alivunja ahadi yake ya kuhamia jimboni. Mahali pengine palitajwa kazi aliyowahi kumfanyia shehe mmoja tajiri wa Saudi Arabia, tena kwa namna ya kumtia doa. Hilo lilinichekesha kidogo, kwa sababu kwetu Pwani kuajiriwa na tajiri wa Ghuba ni riziki ya watu wengi, na hakuna anayeulizwa imani yake ya siasa kwa ajili hiyo.

Mambo mengine hayakuchekesha. Mwaka 2001 ghasia kubwa za kikabila zilizuka Glodwick, zikaenea mjini, na siku chache baadaye kiongozi wa BNP, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichopinga wahamiaji, Nick Griffin, akapata zaidi ya asilimia 16 ya kura katika jimbo jirani la Oldham West. Mimi sikuwapo, lakini Mzee alikuwapo, na duka alilokuwa akinunua unga lilivunjwa vioo. Mtu anayeandika katika mji wa namna hiyo kwamba Waislamu wenye fujo wanampigania mgombea fulani anajua vizuri anachokiandika na nani atakisoma. Ushahidi uliotolewa mahakamani mwezi Septemba ulionyesha kwamba walijua: zilisomwa barua pepe za watu wa kampeni ya Woolas, ambamo wakala wake wa uchaguzi alieleza kwamba wasipoweza kuwatia hasira wapiga kura weupe, mgombea wao amekwisha. Nilipoisoma habari hiyo niliirudia mara mbili. Hasira hiyo ilikuwa iletwe na nani, kama si sisi wa Glodwick?

Nieleze kidogo jinsi sheria yenyewe ilivyo, maana watu wengi walidhani ni kesi ya kawaida ya kudai fidia ya kuchafuliwa jina. Kifungu cha 106 cha Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya mwaka 1983, ambacho asili yake ni sheria ya mwaka 1895, kinamkataza mtu kutoa, kabla au wakati wa uchaguzi, taarifa ya uongo kuhusu tabia au mwenendo binafsi wa mgombea ili kuathiri matokeo, isipokuwa aonyeshe kwamba aliamini ni kweli na alikuwa na sababu za msingi za kuamini hivyo. Kumshambulia mpinzani kwa siasa zake kunaruhusiwa, hata kwa uongo wa kuchukiza; kinacholindwa ni mwenendo wake kama mtu. Watkins alipaswa kufungua shauri ndani ya siku 21 baada ya matokeo, na akafanya hivyo. Shauri la aina hiyo halina baraza la wazee wa mahakama: linaamuliwa na majaji wawili wa Mahakama Kuu, na wale wawili, Nigel Teare na John Griffith Williams, waliamua kwamba hawatamtia mtu hatiani mpaka wawe na uhakika wa kiwango kinachotakiwa katika kesi ya jinai.

Asubuhi ile ukumbi ulijaa waandishi wa habari kuliko wanakijiji. Hukumu ilieleweka hata kwa sisi tusio wanasheria. Majaji walisema kwamba taarifa hizo zilihusu mwenendo binafsi wa Watkins, kwamba zilikuwa za uongo, na kwamba Woolas hakuwa na sababu za msingi za kuziamini wala hakuziamini. Alitiwa hatiani kwa kutenda kitendo haramu cha uchaguzi, uchaguzi wa Mei ukatenguliwa, naye akazuiwa kugombea ubunge kwa miaka mitatu. Mara ya mwisho mbunge kupoteza kiti kwa kosa la aina hiyo ilikuwa mwaka 1911, katika jimbo la North Louth huko Ireland, miaka 99 nyuma. Nyuma yangu mtu mmoja alipumua kwa nguvu, mwingine akamnyamazisha. Chama cha Labour kilimsimamisha uanachama siku hiyohiyo, na naibu kiongozi wake, Harriet Harman, akasema waziwazi kwamba si sehemu ya siasa za chama hicho mtu kushinda kwa kusema uongo. Baadhi ya wabunge wenzake walimkasirikia Harman kuliko walivyomkasirikia Woolas, na hadi leo sijapata kuelewa kwa nini.

Nje, kamera zilikuwa zikimsubiri Watkins. Mzee alitazama saa, akaona muda ungalipo, akasimama pembeni akiwa ameshika kofia yake mkononi.

“Mwanangu,” aliniambia, “huyu bwana jina lake keshasafishiwa. Na sie tuliopakwa masizi ili yeye aonekane mchafu, nani atatuosha?”

“Sheria haina kifungu hicho, Mzee wangu. Inamlinda mgombea.”

“Basi hiyo sheria ya waheshimiwa peke yao.”

Nilimjibu kwamba hata hivyo hukumu imesema uongo ni uongo, na kwamba si nchi nyingi ambako aliyekuwa waziri hunyang'anywa kiti kwa sababu ya kipeperushi. Alikubali nusu. Alisema majaji walikuwa wameuliza kama Watkins ni mtu wa kutafuta kura za wenye fujo, wakajibu kuwa sivyo, na kwamba hapo kazi yao iliishia. Swali la watu waliofanywa kuwa fujo yenyewe halikuwa mbele yao. Bado naona alisema kweli, ingawa pia naona kwamba sheria ya uchaguzi isingeweza kubeba mzigo huo bila kuwa sheria ya kitu kingine. Mwaka 2012 nilimkumbuka tena niliposoma habari za Arusha, ambako Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Godbless Lema mwezi Aprili kwa lugha iliyodaiwa kutumika dhidi ya mgombea wa CCM, Batilda Burian, kisha Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti mwezi Desemba kwa hoja kwamba wapiga kura waliofungua kesi hawakuwa wameonyesha haki yao wenyewe iliyovunjwa. Huko nako swali lilikuwa lilelile: anapochafuliwa mgombea, mpiga kura anadai kwa jina la nani?

Woolas hakukubali kushindwa upesi. Alikwenda Mahakama Kuu mjini London kuomba hukumu ipitiwe, na tarehe 3 Desemba majaji watatu waliondoa moja ya taarifa alizotiwa hatiani kwazo, ile ya ahadi ya kuhamia jimboni, lakini wakaziacha mbili zilizobaki, na hizo zilitosha. Nikiri kwamba uamuzi huo wa pili niliupenda zaidi, kwa sababu ulikataa kuwa mkali kupita sheria. Ahadi za kuhamia jimboni huvunjwa na wanasiasa kila mahali; mtu kuambiwa amejipendekeza kwa wanaotaka mwenzake adhuriwe ni jambo jingine kabisa.

Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 13 Januari 2011, katika baridi iliyowafanya wapiga debe wagonge milango wakiwa wameziba nyuso kwa mitandio. Vipeperushi vilikuja vingi, safari hii vikizungumzia ada za vyuo vikuu na kodi ya VAT iliyokuwa imepandishwa siku chache kabla, na katika vyote vilivyoingia nyumbani kwangu sikuona hata kimoja kilichotutaja sisi kwa heri wala kwa shari. Watkins aligombea tena. Kwa haki aliyokuwa amepigania kwa miezi minane, nilidhani kiti kingekuwa chake. Wapiga kura wakampa Debbie Abrahams wa Labour kura 14,718, na Watkins 11,160, hasa kwa sababu chama chake kilikuwa kimeingia serikalini na Conservatives, na watu walikuwa na ghadhabu nacho.

Mimi nilimpigia Watkins. Mzee aliwapigia Labour, kama alivyofanya tangu siku zake za kiwandani, na nilipomuuliza vipi baada ya yote yale ya Uppermill, alinijibu kwamba aliyemtukana ni Woolas, na Woolas hakuwamo katika karatasi ya kura.