Karafuu katika Povu la Ndevu

Wengi wetu tuliohamia Marekani tunanyoa ndevu kwa povu la kopo, kwa kuwa ni rahisi na linapatikana kila duka, lakini mimi nimeshikamana na sabuni ya kipande, ile inayosuguliwa kwa brashi iliyoloweshwa maji ya moto mpaka povu liumuke na kuwa zito. Sababu yangu si ngozi wala bei, ni harufu. Sabuni ninayoinunua hapa Ohio ni ya harufu iitwayo bay rum, iliyopendwa sana na vinyozi wa zamani wa nchi hii, nami kila ninapoipaka usoni hunijia Pemba wakati wa msimu wa karafuu.

Jambo hili lina maelezo yake. Bay rum ilianza kwa majani ya mti wa Karibi, Pimenta racemosa, ambayo katika karne ya 19 kisiwa cha St. Thomas kilijulikana kwa kuyakeneka pamoja na rum, pombe ya miwa. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkarafuu, na mafuta ya majani yake yana eujenoli kwa wingi, kemikali ile ile inayoyapa mafuta ya karafuu ukali wake. (Jina la rum lilinitia wasiwasi, lakini sabuni yangu haina pombe.)

Nyumbani karafuu mbichi zikishaletwa kutoka shamba, wakubwa kwa wadogo tulikaa jamvini usiku kuzichambua: unashika kishada, unakisugua kiganjani, karafuu zinadondoka na makonyo yanabaki mkononi. Makonyo hayatupwi, kwa kuwa nayo hukenekwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Asubuhi tulikwenda skuli na vidole vimegeuka rangi, vikinuka harufu ambayo hata sabuni ya kufulia haikuiondoa. Karafuu ikishaanikwa ikakauka, harufu yake hutulia na kuwa na utamu. Mbichi ndiyo inayochoma pua, na povu langu linafanana zaidi na hiyo mbichi, hasa maji yakiwa ya moto sawasawa.

Nimejaribu pia sabuni ya sandali. Ni nzuri, ila kwangu hiyo ni harufu ya liwa waliyojipaka akina mama usoni, na kunyoa ndevu huku nikinukia liwa kunanichekesha. Lavenda sina kumbukumbu nayo yoyote.

Mwenzangu mmoja kazini, mzaliwa wa huku, nilimnusisha sabuni yangu akarudi nyuma: ilimkumbusha kiti cha daktari wa meno, na ana haki, maana eujenoli huchanganywa na oksidi ya zinki kuzibia meno kwa muda. Mwanangu naye, ambaye hajawahi kuona karafuu ikiwa mtini, huniuliza kwa nini baba ananukia pai ya maboga, ile yenye karafuu inayoliwa huku kwenye sikukuu ya Shukrani, ilhali Novemba bado haijafika.