Mbuyu mmoja, vipande sita: jinsi nilivyojifunza kuchora kiangazi cha Dodoma

Nilikuwa nimeandika vibao vya maduka na kupaka maneno kwenye magari kwa miaka kumi na moja hapa Dodoma kabla sijauza mchoro wowote wa mandhari. Wa kwanza niliouza ulirudishwa. Mwenye nyumba moja ya wageni aliniagiza picha kubwa ya ukutani. "Nataka Dodoma yetu hii," akaniambia. Nikampelekea vilima, mbuyu katikati, mto unaopinda, na majani ya kijani yaliyojaa mpaka kwenye fremu. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Fundi, huu mto uko wapi? Na kijani hiki umekiona wapi mwezi wa kumi?"

Sikuwa na jibu. Kijani kile nilikitoa kwenye kalenda za ukutani. Nimezaliwa Chamwino na utoto wangu wote nilichunga mbuzi kwenye ardhi hii hii, lakini mkono uliposhika brashi ulienda kuchora Lushoto.

Kwa asiyepajua huku: mji uko juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Miezi mingine yote nchi inakauka. Abiria wa mabasi wakichungulia dirishani utawasikia wakisema "jangwa", na neno hilo huniuma, kwa sababu jangwa silo. Ila nakiri kwamba sisi wachoraji tunachangia. Kiangazi tunakikimbia. Soko limezoea machweo ya rangi ya chungwa na Kilimanjaro yenye theluji, na ukituondolea kijani tunabaki na kahawia ya kopo, ambayo ni rangi isiyo na uhai.

Baada ya kurudishiwa ile picha nilianza kusoma na kutazama wenzetu wanafanyaje. Nilianzia nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, yule wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 mwishoni, alitumia hadibodi na rangi za mafuta za kawaida za dukani. Hilo lilinipa moyo, maana ndivyo vitu nilivyokuwa navyo. Sam Ntiro, mtoto wa Machame, alichora migomba na watu wa kwao, na jumba la sanaa za kisasa la New York likanunua mchoro wake mwaka 1960. Hakuhangaika kuchora nchi ya mtu mwingine. Lakini aliyenifungua macho hasa kwa upande wa namna ya kufanya kazi ni David Hockney, Mwingereza. Mwaka 2007 alichora miti ya kwao Yorkshire kwenye turubai 50 zilizounganishwa kuwa picha moja yenye upana wa mita 12 hivi. Alitoka nje na vipande, akavichora mbele ya miti yenyewe, na kwa kuwa hakuweza kuiona picha nzima kwa wakati mmoja, alipiga picha kila kipande na kuviunganisha kwenye kompyuta aone vinakwendaje.

Nilivyosoma hivyo nikafikiria pikipiki yangu. Picha ya karibu mita mbili huwezi kuibeba kwenye pikipiki kwa upepo wa Dodoma. Vipande vya sentimita sitini unaweza.

Karatasi moja nzima ya hadibodi, futi nne kwa nane, fundi seremala alinikatia vipande vinane. Sita vya kazi, viwili vya majaribio. Nilivipaka rangi nyeupe ya maji ya ukutani pande zote mbili, kwa sababu ukipaka upande mmoja tu hadibodi inapinda kama kipande cha gamba, kisha nikapiga msasa laini.

Mbuyu niliupata upande wa barabara ya Iringa, nje kidogo ya mji. Umesimama peke yake mbele ya tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, iliyobomoka nusu. Siku ya kwanza sijafungua hata mkoba, mzee akatoka kwenye nyumba ya jirani akiwa na fimbo.

"Mbukwa, babu."

"Mbukwa." Hakutabasamu. "Wewe ni mtu wa viwanja?"

Nilielewa hofu yake. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kila anayeonekana porini akitazama kwa jicho moja na kupima kwa kidole, watu wanajua kinachofuata ni bikoni ya kupimia viwanja. Na kweli bikoni ilikuwepo, kigingi cha zege kimechomoza hatua kama ishirini kutoka kwenye mbuyu. Nilimweleza nimekuja kuchora mti. Akaniuliza nitaufanyia nini nikishauchora. Nikamwambia nitauweka ukutani ili watu wauone. Alifikiri, akaniambia niende kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, na nikirudi nije na sukari. Nilifanya vyote viwili. Kama unataka kuchora nje huku kwetu, anza na salamu za watu kabla ya rangi. Wiki ya pili mzee alikuwa ananiletea kigoda.

Ilikuwa Agosti mwishoni. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaondoka saa tatu, kwa sababu baada ya hapo kivuli kinahama haraka na mwanga unakuwa mweupe, kila kitu kinalala bapa. Siku nne za kwanza sikupaka rangi hata tone. Nilikaa tu na penseli, na nikagundua kuwa gome la mbuyu si la kahawia hata kidogo. Upande wa jua linang'aa kama sufuria ya shaba iliyozeeka. Upande wa kivuli ni zambarau iliyofifia, rangi unayoiona ukimenya ganda la nje la kitunguu chekundu. Nyasi ni rangi ya mkeka mpya. Na mbingu, karibu na ardhi, si ya bluu: vumbi linaifanya iwe kama uji mwepesi, ndiyo inapanda kuwa bluu juu kabisa. Vitabu vinasema vilima vya mbali huwa na ubluu. Asubuhi ni kweli. Upepo wa mchana ukishainua vumbi vinakuwa vya waridi iliyopauka, na ukivipaka bluu umedanganya.

Shida ya kwanza ilikuwa rangi kukauka. Akriliki, rangi ya maji niliyoitumia, huku upepo ukianza saa mbili inakauka kwenye paleti kabla hujachanganya. Niliharibu rangi nyingi mpaka nikapata njia: kontena la chakula lenye mfuniko, chini natandika kitambaa kilicholoa, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi inakaa hapo. Nikitumia kidogo nafunika. Chupa ya kupulizia maji, ile ya kinyozi, iko pembeni. Kwa namna hiyo rangi hukaa hai hata siku mbili.

Shida ya pili ilikuwa viungo. Jioni nilipovipanga vipande sakafuni, shina la mbuyu lilikuwa limekatika katikati: kipande cha juu kilikaa vidole vitatu kulia kuliko cha chini. Sababu ni kwamba kila siku nilikuwa nakaa sehemu tofauti kidogo. Nikapigilia vijiti vinne ardhini pale miguu ya kigoda inapokaa, na kila asubuhi nikawa napiga picha kwa simu kutoka hapo hapo, kisha usiku nazipanga kwenye kioo pamoja na picha za vipande. Haikuwa mara moja, lakini shina lilinyooka.

Ardhi ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu zaidi. Wekundu wa hapa nilijaribu kuuchanganya kwa kila namna, ukatoka kama tofali la kuchoma au kama nyanya. Siku moja mkono wangu ulikuwa na vumbi nikaushika mchoro kwa bahati mbaya, alama ya vidole ikakaa pale. Ndiyo ilikuwa rangi yenyewe. Nilijua Anselm Kiefer, Mjerumani, anaweka udongo, majivu na nyasi kavu kwenye turubai zake, ila sikuwahi kufikiri kwamba nami ninaukanyaga.

Nilichimba kina cha mkono mpaka kiwiko, ili kukwepa mizizi na samadi. Nikaukausha, nikautwanga kwenye kinu kidogo, nikauchekecha. Halafu ndoo mbili: unakoroga udongo kwenye ndoo ya kwanza, unahesabu taratibu mpaka sitini mchanga uzame, unamimina yale maji mekundu kwenye ndoo ya pili. Rudia mara tatu. Uache usiku kucha, asubuhi umwage maji ya juu yaliyotulia, kilichobaki ukianike kwenye sinia. Unapata unga laini, ukiusugua kati ya vidole husikii chembe.

Kwanza niliuchanganya na gundi ya mgunga niliyoiloweka. Ulipendeza sana, lakini kwenye hadibodi ukapasuka, na kidole chenye maji kinaufuta wote. Nikahamia gundi nyeupe ya maseremala, kijiko kimoja kwa viwili vya maji, nikapaka tabaka tatu nyembamba badala ya moja nene. Kipimo changu ni kitambaa cheupe kikavu: kesho yake nasugua, kikitoka na wekundu gundi ni kidogo, na mchoro uking'aa kama plastiki imezidi.

Watu huniuliza kama udongo hautapauka. Septemba ile nilipanda basi la Kondoa nikaenda Kolo kwenye michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nilisimama mbele ya watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, waliochorwa na mikono isiyojulikana zamani sana, na bado wapo. Wekundu ule unatokana na kutu ya chuma iliyomo ardhini, na kutu haiogopi jua. Mwelekezaji alitukataza kugusa na kumwagia maji. Sikuhitaji kugusa. Njiani kurudi niliomba ruhusa nikachukua udongo kidogo kwenye korongo, wekundu mzito kuliko wa kwetu, na ndio niliouweka chini ya kivuli cha mbuyu.

Kufikia Novemba ardhi chini ya mti ilikuwa na maua meupe yaliyoanguka usiku, na katikati ya Desemba mvua ikaja. Ndani ya wiki moja mbuyu ulikuwa na majani. Vipande sita nilikuwa nimevimaliza, nikachukua kimoja cha majaribio nikachore kijani nilichokikosea mwanzo. Nilikiona sasa: kijani cha Dodoma ni chembamba, chini yake wekundu unachungulia kila mahali. Nilipaka udongo kwanza, ukakauka, ndipo nikapitisha kijani juu kwa brashi karibu kavu.

Nilipeleka vipande vyote sita kwa mzee, nikavipanga kwenye ukuta wa nyumba yake. Aliita majirani. Alipita na kidole bila kugusa, shina, tembe, njia ya ng'ombe, mpaka kona ya chini kulia. Nilikuwa nimesita sana kuhusu kona ile, maana picha ya ukutani hupendeza zaidi bila zege.

"Na hiki nacho umekiweka," akasema.

"Ndiyo babu. Kipo."

"Kipo," akasema. Akasimama hapo muda. Kisha akaniambia njia ya ng'ombe nimeipitisha karibu mno na mti, wao hupita nje ya kivuli asubuhi. Nilitazama chini, alama za kwato zilikuwa pale pale aliposema. Nikafungua kontena.