Nilivyoweza kusoma kesi ndefu za sheria chuoni na zikabaki kichwani

Mimi nimesoma sheria, na waliopita huko wanajua, mwaka wa kwanza tu unapewa ridingi listi ambayo ukisema usome kila mstari hulali. Na kesi zenyewe ni Kiingereza, tena Kiingereza cha majaji, sentensi moja inakula nusu ukurasa, wakati wengi wetu shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, Kiingereza cha kufundishiwa masomo yote tumekutana nacho fomu wani. Kupiga msuli kila mtu alikuwa anapiga, ishu ilikuwa ukifunga kitabu kinabaki nini.

Kilichonisaidia mimi ni kuanza kesi na mwisho wake. Naenda ukurasa wa mwisho naangalia mahakama imeamua nini, nani kashinda, ndo narudi mwanzo nikiwa na swali moja tu, huyu kashinda kwa nini? Chukua kesi ya Ephraim na Pastory ya 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya. Ukiianza juu unakutana na sheria za mila za Wahaya, mara Katiba, mara mikataba ya kimataifa, unapotea. Lakini ukishajua kwamba Holaria Pastory, mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, mahakama imesema aliuza kihalali, basi kila aya unaiuliza, we unachangia nini hapa? Utaona mila ilimkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo lakini mwanaume akiuza haikuwa hivyo, ukoo ulikuwa na nafasi ya kulikomboa tu, utaona Haki za Binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba 1984 zinakataza ubaguzi, na jaji anavikutanisha hivyo viwili. Pale vinapokutana ndo penye kesi, hapo nasoma polepole hata mara mbili, kwingine napita. Na naipenda sana hii kesi kwa kweli, kila mwanafunzi angeisoma hata kama hasomi sheria.

Nikimaliza nafunga kila kitu, nachukua karatasi tupu nasimulia kesi kwa Kiswahili, nani kamshtaki nani, wanagombania nini, jaji kasemaje na kwa sababu gani. Nikikwama mahali najua hapo sijaelewa, nafungua hapo tu. Halafu ndo naandika aya fupi ya Kiingereza maana mtihani ni Kiingereza, na maneno kama ratio decidendi, yaani sababu ya kisheria iliyobeba uamuzi, nayaacha yalivyo. Hii hatua ya Kiswahili wengi wanairuka wanaona ni kupoteza muda, mimi nasema ndo moyo wa kazi yote, kitu usichoweza kumwelezea mwenzako kwa lugha unayowazia bado hujakishika.

Tulikuwa na grupu la diskasheni, tunakaa vimbwetani, yale meza na mabenchi ya zege ya nje pale chuoni, jioni, vitabu vimefungwa, mmoja anauliza, "Haya dada, mahakama ya mwanzo ilisema nini?" unajibu, wenzako wanakukamata ulipoteleza. Baadaye nikakuta kuna utafiti wa Marekani wa 2006, wa Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma maandishi na waliojipima kwa kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa juu, ila baada ya wiki moja waliojipima ndo walikumbuka zaidi. Ndo maana usiku wa kuamkia pepa mtu anasoma madesa, zile notisi za kupeana, anaona anajua kila kitu, kumbe ni macho tu yamezoea maandishi. Na mtihani wa mwisho wa semista hauji baada ya dakika 5. Kwa hiyo kesi ya wiki hii wiki ijayo naitolea tena karatasi tupu, na mwezi unaofuata tena, kila mara inachukua muda mfupi kuliko mwanzo, na pasti pepa nazianza mapema semista ikiwa bado changa, haijalishi mada haijaisha.

Kwa sheria zilizotungwa na bunge njia inabadilika kidogo, huko hakuna mshindi wa kuangalia mwishoni. Naanza na kifungu cha tafsiri nione neno gani limepewa maana gani, halafu mpangilio wa vifungu, halafu nakwenda kwenye kifungu ninachokihitaji nikiwa na tatizo la mtu mkononi, mfano mpangaji katolewa nyumbani bila notisi, sheria inampa nini?