Siku moja maishani mwangu: daktari wa kituo cha afya, Muheza

Saa 12 na nusu asubuhi nashuka bodaboda getini, benchi la nje limeshajaa, masika haya na malaria ndo wakati wake. Napita naamkia wazee, shikamoo, shikamoo, nikifika mlangoni nishajua nani kazidiwa.

Saa 2, homa tu. Kila mama namhesabia dawa mseto kwa vidole: dozi ya kwanza hapa hapa, ya pili yakipita masaa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe, hata mtoto akianza kucheza usiache. Wengi wanaacha, zinazobaki wanamwekea mdogo wake akiugua. Mi nawaelewa kabisa, ila inaniuma.

Saa 4 akaingia kijana wangu wa kisukari. Sukari 24, na mwezi uliopita alikuwa vizuri! Anaapa anachoma insulini kila siku. Nilishafungua mdomo nimkaripie, nikajizuia, nikamuuliza tu unaiweka wapi? "Kwa jirani dokta, yule mwenye friji, anauza barafu." Yaani ilikuwa inaganda kila usiku, na insulini ikishaganda imekwisha kazi hata ikiyeyuka. Tukaanza kuishusha sukari pale pale, nikampa chupa mpya, nikamchorea chungu kikubwa, ndani mchanga uliolowa maji, katikati chungu kidogo chenye kifuniko, vikae kivulini. Akacheka, vyungu bibi yake anavyo.

Saa 6, bibi mmoja wa presha, 190 kwa 110. "Dawa nakunywa mwanangu, hata leo." Nikamwomba nizione. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga taratibu, vidonge vyote vimekatwa nusu kwa wembe, vimekatwa vizuri kabisa, unaona mkono uliotulia. Nusu yake, nusu ya mdogo wake, maana bibi ana bima na mdogo wake hana. Miezi minne hiyo! Na mimi kila akija nilikuwa naongeza dozi tu, sijawahi hata siku moja kumuuliza unaishi na nani. Nikamwambia kesho mlete.

Saa 7 na nusu wali maharage, nikala nimesimama.

Saa 10 nafunga mafaili nasikia hodi. Bibi hakungoja kesho, wamekuja mishikaki kwenye boda moja, wamevaa doti moja, kila mmoja na kipande chake. Nikampima mdogo mtu mara mbili maana sikuamini, 210 kwa 120, na anasema haumwi popote, kichwa kidogo tu asubuhi. Tukamfungulia faili lake, wakakaa na nesi mpaka magharibi tunamwangalia.

Dawa za mdogo mtu za mwezi huu nimelipa mimi, si hela nyingi. Akazifunga kwenye pindo lake, akavuta fundo mara mbili. Mwezi ujao sijui, kesho asubuhi naanza na mtu wa ustawi wa jamii kabla sijaingia chumbani.